Turbo Haifi Yenyewe

Ukitoka Nyabugogo, Kigali, kuelekea mpaka wa Gatuna, kabla injini haijapata joto vizuri, umeshaingia Gatsata. Barabara imebanwa na mlima upande mmoja na bonde la mto upande wa pili, na katika kipande hicho ndipo magari ya Kigali huja kuugua na kupona. Maduka ya spea yamegusana kuta: milango, taa, rejeta, gia boksi zilizolazwa chini zikiwa bado zinachuruzika oili ya nchi nyingine. Gereji nyingine ni mabati manne na jeki mbili, nyingine zina lifti na sakafu ya saruji. Kinyarwanda ndicho kinachotawala, lakini Kiswahili hakikai mbali, kwa kuwa mafundi wengi wamepitia Bukavu, Goma au Kampala, na mzigo wa spea hufika na madereva wa malori wanaotoka Dar es Salaam na Mombasa.

Kuna fundi mmoja huko ambaye napenda kumtazama akifanya kazi. Hataki jina lake liandikwe, na mimi sitaliandika. Alijifunza Bukavu, kwenye injini za Toyota za 2L na 3L, zile dizeli za zamani zisizo na turbo ambazo kila fundi wa ukanda huu amewahi kuzilalia chini. Leo anashughulika zaidi na dizeli zenye turbo zilizomo kwenye HiAce kuukuu. Si msemaji. Ukimuuliza swali akiwa na geji mkononi, atakujibu baada ya kusoma geji.

HiAce za Kigali zina historia yake. Ndizo zilizokuwa usafiri wa mjini, abiria wakisogeleana hadi zikapewa jina la twegerane, yaani "tusogeleane". Mwaka 2013 mji ulipogawanywa katika kanda na kampuni za mabasi zikakabidhiwa njia, magari haya madogo yakasukumwa pembeni. Hayakufa. Yakaenda kubeba watu wa vijijini, wanakwaya, wachezaji, wafanyakazi wa viwandani, magunia ya viazi kutoka Musanze. Yale yenye usukani wa kushoto, maana Rwanda inaendesha kulia tofauti na Tanzania, Uganda na Kenya, hayapatikani kirahisi kama yale ya Japani yanayojaa Dar na Kampala. Kwa hiyo mwenye HiAce nzuri Kigali haitupi. Anaitengeneza, na akiitengeneza anataka iwe na nguvu kuliko ilivyokuwa.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, na ndipo wengi wanapoharibu.

Gari nitakalolieleza ni la umbo lililotoka mwaka 2004, injini ikiwa chini ya viti vya mbele. Injini ni 2KD-FTV: silinda 4, sentimita za ujazo 2,494, dizeli inayogawiwa kwa mfumo wa komoni reli, na turbo ndogo isiyo na intakula. Nguvu farasi kama 102 ilipokuwa mpya. Dereva alikuja nalo siku ya soko akiwa na turbo mpya ndani ya boksi, akaiweka mezani, akasubiri ifungwe.

"Mzee, mlima wa Shyorongi sasa naupanda kwa gia ya pili. Nyuma siwaoni watu kwa moshi."

"Moshi wa rangi gani, kijana wangu?"

"Mweusi nikikanyaga. Wa bluu nikiachia."

"Na turbo ya kwanza ilikaa muda gani?"

"Miaka. Hii ya pili haikumaliza miezi miwili."

"Basi ya tatu haitafika Musanze," fundi akasema, akaenda kuleta chombo cha kumwagia oili.

Wapo watakaoona maneno yale kama majivuno. Mimi nayahesabu kuwa sehemu bora ya kazi nzima, na ilifanyika kabla spana haijashikwa. Moshi mweusi gari likibeba mzigo maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Moshi wa bluu mguu ukiachiwa maana yake oili inapita mahali isipotakiwa kupita na kuungua. Turbo mbovu inaweza kuleta yote mawili, na ndiyo maana aliyelitengeneza gari hapo kabla aliona jibu rahisi akalichukua. Lakini turbo iliyokufa ndani ya miezi miwili haikufa kwa uzee. Gatsata wana msemo wao: turbo haifi yenyewe, huuliwa. Kazi ya fundi ni kumtafuta muuaji, maana bado yumo ndani ya injini anaisubiri ile iliyo kwenye boksi.

Tuiangalie turbo yenyewe kwanza. Ni feni mbili kwenye shafti moja fupi, unaweza kuishika kwa kiganja. Moshi unaotoka kwenye silinda unazungusha feni ya kwanza, nayo ya pili inavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Mzunguko wake hupita mara 100,000 kwa dakika. Upande mmoja kuna gesi ya nyuzi 600 na zaidi, upande mwingine hewa ya kawaida, na katikati shafti haishikwi na beringi za gololi kama za gurudumu. Inaelea. Utando mwembamba wa oili ndio unaoitenganisha na bushi zake, na utando huo lazima uletwe upya kila sekunde na pampu ya oili ya injini. Oili ikichelewa kidogo, chuma kinagusa chuma kwa mwendo ule, na sili zinaachia. Turbo haina tangi lake la akiba. Inakunywa kinachobaki kwenye mfumo, na kama mfumo una kiu, yenyewe ndiyo inayokufa mapema.

Ndiyo sababu fundi alianza chini kabisa, kwenye sampu, mahali ambapo dereva hakuwa na haja napo. Alimwaga oili ndani ya karai safi akaiacha itulie huku akifungua bolti. Bolti zake hazitupwi kwenye kopo. Kuna kipande cha boksi alichochora umbo la sampu kwa kalamu ya kuwekea alama, na kila bolti inachomekwa kwenye tundu la mahali ilipotoka. Sijaona njia bora zaidi. Urefu wa bolti ukitofautiana kwa milimita chache tu, mwanafunzi anayebahatisha anaweza kupasua uzi kwenye bloku ya injini.

Sampu iliposhuka, chujio la pampu ya oili likaonekana. Ni wavu mdogo wa chuma, mdomo ambao injini nzima inanywea. Zaidi ya nusu yake ilikuwa imeziba. Fundi hakushangilia wala hakumwita mtu. Alilifungua, akaligonga polepole juu ya karatasi nyeupe, zikadondoka chembe nyeusi. Akaibonyeza moja kwa ukucha. Haikupondeka.

"Zimetoka wapi hizi?" akamuuliza mwanafunzi wake.

"Oili mbaya, mzee."

"Oili mbaya inakuwa tope. Hii ni makaa. Makaa hutoka motoni."

Sentensi hiyo ilitosha kuondoa macho kwenye turbo, kwenye sampu, kwenye chapa ya oili, na kuyapeleka juu ya injini, mahali moto ulipo. Katika injini za familia hii nozeli zimekaa wima katikati ya silinda hedi, na chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba inayoziba njia ili moto wa silinda usipande. Washa hiyo ikichoka, au ikifungwa juu ya uchafu, gesi ya moto inapenya kandokando ya nozeli na kutokea chini ya kava la juu, penye oili. Inaiunguza oili kidogokidogo. Makaa yanajikusanya, yanateremka na oili hadi kwenye sampu, na kutoka kwenye sampu yanafika kwenye wavu. Dereva hasikii kitu kwa muda mrefu, isipokuwa labda mlio wa chuku-chuku asubuhi injini ikiwa baridi, ambao wengi huuzoea.

Kava lilipofunguliwa, nozeli mbili zilikuwa na kola nyeusi ngumu shingoni. Muuaji alikuwa kipande cha shaba kisichofikia bei ya chakula cha mchana.

Nimewahi kuona gereji ambapo nozeli hung'olewa kwa nyundo na washa mpya kudumbukizwa juu ya masizi ya zamani. Hapa nilitazama kazi iliyochukua karibu mchana wote kwa matundu manne. Fundi ana kifaa cha mkono chenye makali, cha kusafishia kikalio cha nozeli ndani ya hedi. Alikipaka grisi kwanza, ili kila chembe inayokatwa inase kwenye grisi isidondokee ndani ya silinda. Akazungusha raundi chache, akatoa, akafuta, akapaka tena. Halafu akamulika kwa tochi ndogo na kioo cha daktari wa meno, akatazama kama mduara unang'aa sawasawa pande zote. Palipokuwa na doa alirudi. Hakuna aliyemlazimisha, doa lile lisingeonekana na mtu yeyote baada ya nozeli kukaa, mpaka miezi ipite na makaa yaanze upya. Mwanafunzi alitaka kufunga la tatu likiwa na kivuli upande mmoja. Mzee hakumkaripia. Alimpa tochi tu, akasubiri akione mwenyewe.

Nozeli zenyewe zilipelekwa kwa fundi wa pampu mwenye meza ya kupimia. Hii ni kazi ya mtu mwingine, na fundi anayejua mipaka yake huokoa pesa za mteja. Moja ilikuwa inarudisha dizeli nyingi mno, ikabadilishwa. Nozeli za matoleo ya baadaye zina msimbo uliochapwa kichwani, ambao lazima uingizwe kwenye kompyuta ya injini ili ijue tofauti ndogo za kila moja. Ukipuuza, injini itatetema na wewe utalaumu spea.

Kuna jambo katika mfumo huu wa komoni reli ambalo linaniongezea heshima kwa mafundi wa umri wa mzee huyu. Kwenye 2L na 3L, ukitaka kujua silinda ipi haifanyi kazi, ulikuwa unalegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiunguruma, moja baada ya nyingine, na ile isiyobadilisha mlio ndiyo yenye ugonjwa. Kizazi kizima kilifundishwa hivyo. Kwenye 2KD presha ndani ya reli inaweza kupita bar 1,300, na mchirizi wa dizeli kwa presha hiyo hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Mtu anaweza kupoteza mkono. Kwa hiyo fundi huyu ilibidi aache zoea lililomlisha kwa miaka mingi, ajifunze kusoma mashine ya kupimia, na kuziba kila mdomo wa bomba kwa kifuniko safi kwa sababu punje ya vumbi isiyoonekana inatosha kuua nozeli. Kujifunza kitu kipya ukiwa kijana ni rahisi. Kuuzuia mkono usifanye ulichokifanya kwa ustadi miaka yote ni kazi nyingine kabisa, na mafundi kadhaa hodari wameshindwa wakabaki na magari ya zamani.

Kwa kuwa injini ilikuwa imekunywa oili kidogo, beringi za kranki nazo zilikuwa mashakani. Aliwasha taa, akafungua kofia za konrodi moja moja. Hapa anatumia uzi mwembamba wa plastiki: unaulaza juu ya shingo ya kranki, unafunga kofia kwa torki yake, unafungua tena, na unapima uzi umelalia upana kiasi gani. Ukiwa mwembamba bado, nafasi ni kubwa mno. Beringi za silinda mbili zilibadilishwa. Kranki haikuwa na mchubuko.

Silinda hedi hakuifungua. Dereva alishangaa, maana alishajiandaa kulipia gasketi. Fundi alipima kompresheni kupitia matundu ya plagi za joto, akaona silinda nne zimekaribiana, maji ya rejeta hayana oili, wala oili haina maji. "Kisichoumwa hakipasuliwi," akasema. Ovahoo kamili ingempa pesa nyingi zaidi, na mteja asingejua kwamba haikuhitajika.

Kisha manifoldi ya hewa. Vali ya EGR hurudisha sehemu ya moshi kwenye njia ya hewa ili kupunguza gesi chafu, na moshi ukikutana na mvuke wa oili unaganda kwenye kuta, mweusi na mnene kama masizi ya sufuria ya maharage ya shuleni. Njia ilikuwa imebaki nusu. Wapo wanaoziba EGR kwa kipande cha bati na kuita hiyo maboresho. Huyu aliisafisha akairudisha. Rwanda ina sheria ya kulinda hewa tangu mwaka 2016, na magari hupimwa moshi kwenye ukaguzi, kontrole tekiniki, lakini sababu yake ilikuwa fupi: anaishi Gatsata, na moshi unaopanda pale haupandi kwenda popote, unazunguka bondeni.

Katikati ya kazi ikaingia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi ya umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, gereji zimefungwa, watu wako kwenye mitaro na majembe. Dereva alilalamika kidogo. Injini ilikaa imefunikwa shuka safi hadi mchana.

Sasa maboresho. Dereva alikuwa na wazo lake, lilelile wanalokuwa nalo madereva wote: "Mzee, ongeza presha ya turbo kidogo." Inawezekana. Ni suala la kuchezea kijiti kinachofungua njia ya kupunguzia moshi unaozungusha turbo, au kuidanganya kompyuta. Mtu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa muda wa kunywa chai ya maziwa na chapati, na gari likatoka likiruka. Fundi alikataa, na sababu ya kukataa ndiyo inayonifanya nimwone ni zaidi ya mfunga bolti.

Kigali iko karibu mita 1,567 juu ya bahari, na barabara zote kubwa zinazotoka Nyabugogo kwenda Musanze, Muhanga au Gatuna hupanda zaidi ya pale zinapoanzia. Kwenye kimo hiki hewa ni nyepesi kwa asilimia kama 15 kuliko ya ufukweni. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na ndiyo maana 3L inayotamba Tanga inahema Kigali. Turbo ilibuniwa na Mswisi Alfred Büchi, aliyeomba hataza yake mwaka 1905, na ni milima iliyoithibitisha: mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, Colorado, kwenye kimo cha mita kama 4,300, akaonyesha kwamba turbo inaweza kuirudishia nguvu iliyokuwa nayo chini. Turbo, basi, ni kifaa cha watu wa milimani pia.

Lakini hairudishi bure. Ili ifikishe presha ileile ndani ya injini, turbo ya Kigali lazima ianze na hewa pungufu, izunguke kwa kasi zaidi na kuishindilia zaidi. Hewa ikishindiliwa inapata joto. Kwa hesabu ya karibu, hewa ambayo ingeingia kwenye injini na nyuzi 100 Dar es Salaam, huku itaingia na 120, ingawa Kigali kuna baridi zaidi. Hewa ya moto imetanuka, haibebi oksijeni ya kutosha. Moshi mweusi unabaki, pistoni na feni ya turbo zinaungua. Ukiongeza presha juu ya hapo, unaisukuma turbo iliyokwisha kukaribia kikomo chake. Anayesoma maelekezo ya maboresho yaliyoandikwa na watu wa nchi tambarare na kuyafuata Shyorongi, ananunua turbo nyingine.

Njia ya fundi ilikuwa kupoza hewa. Toyota wenyewe walifanya hivyo: 2KD zilizofungwa intakula kiwandani zilitoa nguvu farasi zipatazo 120 kwenye injini ileile ya msingi. Tatizo la HiAce ni nafasi. Injini imejificha chini ya viti, na upepo hauifikii kama kwenye gari lenye pua. Alipima kwa vipande vya boksi kwanza, akivikata na kuvishikilia nyuma ya bampa, kando ya rejeta na si mbele yake, ili asiinyime rejeta upepo. Siku hiyo nilimwona akilala chini, akitoka, akikata boksi upya, akilala tena, na hakuna chuma kilichoguswa. Mabomba ya alumini yalipochomelewa kwa gesi ya argoni, yalitoshea mara moja. Kila mwisho wa bomba aliuwekea mwinuko mdogo wa kuchomelea ili mpira usichomoke presha ikipanda. Vikanda vya kubania vilikuwa vya bolti, siyo vile vyembamba vya bisibisi vinavyokata mpira.

Halafu akaziba mdomo wa hewa, akajaza upepo kidogo wa kompresa ndani ya njia yote, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kwa brashi ya rangi. Kwenye kiungo cha pili povu likatoa vipovu vidogo, vitatu vinne kwa wakati. Hewa ya kiasi hicho isingesikika kamwe barabarani. Akafungua, akakuta mpira umekaa upande kidogo juu ya mwinuko.

Turbo iliingia mwisho. Bomba la kuipelekea oili lilibadilishwa, lile la kurudishia likasafishwa hadi mwanga ukapita. Kwenye viungo vya oili hatumii silikoni hata tone moja, kwa sababu uzi wa silikoni ukikatikia ndani huziba tundu dogo la turbo, na hapo unarudi mwanzo. Aliishika shafti kwa vidole viwili: kuivuta na kuisukuma, isitikisike kwa namna ya kuhisika, kuipeleka pembeni, ichezecheze kidogo sana bila feni kugusa ukuta. Akamimina oili safi ndani yake kwa bomba la sindano, akizungusha feni polepole. Alipoifunga, alichomoa soketi za nozeli na kumwambia mwanafunzi apige stata kwa vipindi. Injini ikazunguka bila kuwaka, mara kadhaa, mpaka oili ikaonekana kwenye njia ya kurudi. Hapo ndipo akaruhusu iwashwe. Sekunde hizo za kwanza ndizo zinazoua turbo nyingi mpya, na mteja hujulishwa baadaye kwamba aliuziwa spea feki.

Geji moja iliongezwa kwenye dashibodi, ya joto la moshi kabla haujaingia kwenye turbo. Fundi anaipenda kuliko geji ya presha. Presha hukuambia unachopata, joto hukuambia unacholipa.

Tulipanda Shyorongi na magunia ya mchanga nyuma. Gia ya tatu ilishika kona zote. Sindano ya joto ilitembea ikasimama chini kidogo ya 650, ikakaa. Nyuma hapakuwa na moshi isipokuwa pumzi nyepesi kila gia ilipobadilishwa. Dereva alitaka kukanyaga zaidi aone. Fundi alimwacha afike kwenye mteremko, kisha akamwambia asimame pembeni na asizime injini mpaka dakika mbili zipite, turbo ipunguze mwendo na oili ibebe joto lake. Ukizima papo hapo baada ya mlima, oili iliyosimama ndani ya turbo inaungua na kuwa makaa. Akaagiza pia oili ibadilishwe mapema, asisubiri hadi iwe nyeusi kama chai ya rangi iliyochacha, na chujio la sampu litazamwe tena baada ya mabadiliko mawili ya oili, kwa kuwa makaa ya zamani yaliyonasa kwenye pembe za injini bado yataendelea kuteremka.

Ankara ilipoandikwa, ugomvi ulikuwa kwenye mstari mmoja. Spea zote dereva alizikubali. Alichobishia ni "upimaji": ile siku ya sampu, karatasi nyeupe, vipande vya boksi. "Hapo hukufunga kitu, mzee." Fundi akapunguza, maana amechoka kubishana juu ya hilo, na gereji ya jirani haiutozi kabisa.

Ni makosa yetu sisi wenye magari. Tunalipa chuma na kukataa kulipa akili iliyojua chuma kipi hakihitajiki, halafu tunashangaa vijana wanaotoka vyuoni, hata hapa Kigali, wakikimbilia kubadilisha spea badala ya kutafuta chanzo. Ukimpelekea fundi gari lako, kubaliana naye bei ya upimaji kabla hajashika spana, na umlipe yote hata kama mwishoni atakuambia turbo uliyokuja nayo uirudishe dukani.